Shahada za elimu ya viungo na michezo hupangwaje kutoka nchi moja hadi nyingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kazi ya kila siku ya kupokea vyeti vya vyuo vikuu vya nchi mbalimbali na kuvipa msimbo, yaani namba inayoonyesha cheti kinahusu nyanja gani ya masomo. Wanaouliza ni maafisa udahili, wahitimu wanaotaka kuendelea na masomo nje, watafiti wanaohesabu wanafunzi, na mara mojamoja mzazi. Jibu fupi la karibu yote ni kwamba usiishie kwenye jina la shahada, fungua transkripti, ile orodha ya masomo aliyosoma mwenye cheti. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu mwenye faili mkononi, ndiyo maana ukurasa umekuwa mrefu.

Kwa nini jina la shahada halitoshi?

Kwa sababu majina haya hayakutungwa na mtu mmoja. Chukua neno kinesiolojia. Kanada na Marekani, aliyesoma kinesiolojia amesoma sayansi ya mwendo wa mwili: misuli inavyovuta, moyo unavyoitikia mazoezi, mtoto anavyojifunza kurusha na kudaka. Nenda Chile au Argentina, na "kinesiólogo" ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule anayemkunja na kumnyoosha mgonjwa goti baada ya upasuaji. Neno lina asili moja, ila mmoja anaingia kwenye faili la michezo na mwenzake kwenye faili la afya. Wiki yangu ya kwanza kazini niliwaweka wawili hao pamoja. Faili likanirudia limejaa wino mwekundu, na tangu hapo sijaandika msimbo kabla ya kuona orodha ya masomo.

Kinyume chake pia kipo: majina mbalimbali, kitu kilekile. Warusi husema "utamaduni wa mwili", Waitalia "shughuli za mwendo na michezo", Wafaransa wana kifupi chao cha STAPS, Waingereza wanasema sayansi ya michezo na mazoezi. Ukifungua ndani unawakuta walewale: anatomia, fiziolojia ya mazoezi, baiomekanika (nguvu na mwendo wa mwili), saikolojia ya michezo, ujifunzaji wa stadi za mwili, na saa nyingi uwanjani na bwawani.

Kwa hiyo kila cheti huulizwa maswali matatu, kila moja kwa wakati wake: kinahusu nini, kiko ngazi gani, na kinampa mwenye nacho haki ya kufanya kazi ipi. Makosa mengi niliyoyaona yametokana na kutaka msimbo mmoja ujibu yote matatu.

Je, kuna mfumo mmoja unaotumika dunia nzima?

Upo, unaitwa ISCED, uainishaji wa kimataifa wa elimu, na unasimamiwa na UNESCO kupitia taasisi yake ya takwimu iliyoko Montreal. Ulianza miaka ya 1970, ukafanyiwa marekebisho mwaka 1997 na tena 2011. Toleo la 2011 linashughulikia ngazi. Nyanja za masomo zilipewa kitabu chao mwaka 2013, nacho huitwa ISCED-F.

Kwa upande wa ngazi, elimu ya juu ina namba nne: 5 kwa kozi fupi za baada ya sekondari, 6 kwa shahada ya kwanza, 7 kwa uzamili na 8 kwa uzamivu. Kwa upande wa nyanja, kuna nyanja pana 11, ambazo zimegawanywa kuwa finyu 29, na hizo nazo zimegawanywa kuwa mahususi takriban 80. Msimbo kamili wa nyanja una tarakimu nne: mbili za kwanza ni nyanja pana, ya tatu ni finyu, ya nne ni mahususi.

Mfumo huu uliundwa kwa ajili ya takwimu. Haukukusudiwa kusema shahada ipi ni bora kuliko ipi, wala nani aajiriwe. Mtu akikuambia kwamba amekataliwa kazi "kwa sababu ya ISCED", kuna kitu kimeelezwa vibaya mahali fulani.

Ni kweli kwamba michezo imewekwa karibu na ususi na hoteli?

Ni kweli, na huwaudhi wengi. Msimbo wa michezo ni 1014. Ukiusoma kwa vipande: 10 ni huduma, 101 ni huduma binafsi, 1014 ni michezo. Majirani zake ndani ya 101 ni huduma za nyumbani (1011), nywele na urembo (1012), hoteli na upishi (1013), na usafiri, utalii na mapumziko (1015). Profesa wa baiomekanika aliyetumia miaka akipima nguvu za kisigino kinapogonga ardhi anajikuta meza moja na msusi.

Kabla ya kukasirika, tazama mantiki yake. Aliyepanga alikuwa anawaza mkufunzi wa gimu, kocha na mwamuzi, watu wanaotoa huduma moja kwa moja kwa mtu aliye mbele yao. Kwa hao, mahali pale panafaa. Shida ni kwamba shahada za vyuo vikuu zilikuja kuingizwa kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kozi za ufundi.

Na hapa kuna kichekesho. Mwongozo wa Frascati wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, unaotumiwa kupanga utafiti badala ya masomo, unaiweka sayansi ya michezo na siha chini ya sayansi za afya. Mhadhiri yuleyule, asubuhi akifundisha yuko kwenye huduma binafsi, na mchana akiingia maabara yuko kwenye afya.

Mwalimu wa elimu ya viungo anaingia 1014?

Hapana. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Anayefunzwa kufundisha somo fulani anaingia 0114, mafunzo ya ualimu yenye somo mahususi, chini ya nyanja pana ya elimu. Anayefunzwa kuwa mwalimu wa darasa wa shule ya msingi, anayefundisha kila kitu na viungo vikiwamo, anaingia 0113.

Matokeo yake kwa takwimu ni makubwa. Ukichota idadi ya wanafunzi wa 1014 peke yake ukadhani umepata wote wa elimu ya viungo na michezo, umewaacha nje walimu, ambao katika nchi nyingi ndio kundi kongwe kuliko yote. Na huwezi kuwachota kirahisi kutoka 0114, kwa kuwa humo wamo pia walimu wa hisabati, historia na muziki, wote chini ya tarakimu zilezile nne.

Programu ikiwa na mchanganyiko wa kila kitu, unaipangaje?

Kanuni ni ya nusu: somo lenye zaidi ya asilimia 50 ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) au ya muda wa masomo ndilo linalotoa msimbo. Likikosekana somo la namna hiyo, programu inahesabiwa kuwa ya mseto, na inapewa msimbo unaoishia na 88 ndani ya nyanja pana ya somo linaloongoza.

Inasikika rahisi. Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya faili za kila siku. Shahada ya "Sayansi ya Michezo", krediti 240, na transkripti inasoma hivi: mbinu za michezo na ukocha 72, anatomia, fiziolojia na baiomekanika 54, ufundishaji na saikolojia ya elimu 36, mazoezi ya kufundisha shuleni 12, uongozi na uchumi 30, takwimu na mbinu za utafiti 24, tasnifu 12.

Karani wa kwanza anajumlisha mbinu za michezo na zile sayansi za mwili, kwa hoja kwamba zinafundishwa kwa ajili ya mchezaji. Anapata 126, yaani asilimia 52.5. Anaandika 1014 na kufunga faili. Karani wa pili anasema anatomia ni biolojia, popote inapofundishwa. Kwake michezo inabaki na 72, asilimia 30. Bado ndiyo inayoongoza, ila haifiki nusu, kwa hiyo anaandika 1088, mseto unaohusisha huduma. Karani wa tatu, mwenye haraka, ameona maneno "mazoezi ya kufundisha shuleni" akaandika 0114.

Wa tatu amekosea: ufundishaji wote kwa pamoja ni krediti 48, asilimia 20. Kati ya wawili wa kwanza, mimi huangalia maelezo ya kozi. Kama inaitwa fiziolojia ya mazoezi, inafundishwa na idara ya michezo, na vipindi vya maabara vinahusu mtu anayekimbia kwenye mashine, naihesabu michezo. Kama ni anatomia ya jumla inayosomwa ukumbi mmoja na wanafunzi wa uuguzi, naihesabu kando. Nakiri kwamba watu wawili makini wanaweza kutofautiana hapa. Cha muhimu ni kuandika pembeni umehesabuje, ili atakayekuja baada yako asianze upya.

Fiziotherapia, uongozi wa michezo na uandishi wa habari za michezo viko wapi?

Fiziotherapia ni 0915, tiba na utengamao. Uongozi wa michezo, kama mtaala wake hasa ni uhasibu, masoko na usimamizi, unakwenda 0413. Neno "michezo" kwenye jina halibadilishi kitu. Uandishi wa habari za michezo ni 0321. Tiba ya michezo kwa daktari ni 0912. Mazoezi kwa watu wenye ulemavu au maradhi sugu ndiyo yanayosumbua, kwa sababu yanakaa mpakani mwa 1014 na 0915. Angalia kama mhitimu anafunzwa kutibu au kuendesha mazoezi.

Kwa nini kila nchi imeiweka mahali pake?

Kwa sababu kila nchi ilipokea fani hii kupitia mlango tofauti: jeshi, chuo cha ualimu, kitivo cha tiba, au chuo cha michezo kilichosimama peke yake. Mlango ule wa kwanza huacha alama kwenye misimbo hata baada ya miongo.

Ujerumani imeipa heshima ambayo sijaiona kwingi. Katika takwimu rasmi za vyuo vikuu, michezo ni kundi zima la fani, linalosimama sambamba na sheria, tiba au uhandisi. Haishangazi kwa nchi yenye chuo kikuu cha Köln kinachofundisha michezo peke yake tangu 1947. Urusi nayo ina kundi lake, namba 49, ambamo 49.03.01 ni shahada ya kwanza ya utamaduni wa mwili na 49.03.02 ni ile ya watu wenye mahitaji maalumu.

China inaiweka ndani ya elimu. Katika orodha ya shahada za kwanza, 04 ni elimu na 0402 ni kundi la michezo, na humo utakuta 040201 ualimu wa michezo, 040202K mafunzo ya wachezaji, 040203 uelekezaji na usimamizi wa michezo ya jamii, 040204K wushu (sanaa ya mapigano ya Kichina) na michezo ya jadi, na 040205 sayansi ya mwili wa mwanamichezo. Ile K haikuwekwa kwa bahati mbaya: inaonyesha kwamba taifa ndilo linalodhibiti chuo gani kiruhusiwe kuifundisha. Hapo ndipo msomaji wa nje anapoelewa kwamba wushu inaweza kuwa shahada kamili yenye msimbo wake, jambo ambalo mfumo wa tarakimu nne wa ISCED hauna nafasi ya kulionyesha.

Poland, katika orodha ya taaluma ya 2018, imeziweka sayansi za utamaduni wa mwili ndani ya sayansi za tiba na afya, ingawa vyuo vyake vya elimu ya viungo, kama kile cha Warszawa kilichoanzishwa 1929, vilianza kwa kufunza walimu. Uingereza imeipeleka kwa biolojia: kwenye makundi ya jumla yanayotumika sasa kuna kundi la "sayansi za kibiolojia na michezo". Australia imeikata vipande. Elimu ya mwendo wa binadamu iko chini ya afya, ukocha na burudani viko chini ya jamii na utamaduni, na walimu wako chini ya elimu.

Ufaransa imeipa fani hii sehemu yake, ya 74, katika baraza la taifa la vyuo vikuu, iliyo kwenye kundi la fani mseto. Ndani ya shahada ya kwanza ya STAPS mwanafunzi huchagua njia: elimu na mwendo, mafunzo ya wachezaji, mazoezi kwa afya, uongozi wa michezo, au ergonomia (kulinganisha kazi na vifaa na mwili wa mtu). Kwa hiyo ukiletewa cheti cha STAPS, kazi haijaisha. Tafuta mstari wa njia aliyochagua.

Wanaonifurahisha ni Waitalia. Huko kila shahada lazima iwe ya daraja fulani la kitaifa lenye namba yake. Shahada ya kwanza ya michezo ni L-22 katika chuo chochote, na za uzamili ni tatu tu: LM-47 ya uongozi, LM-67 ya mazoezi ya kinga na ya watu wenye mahitaji maalumu, na LM-68 ya sayansi na mbinu za michezo. Namba huandikwa kwenye cheti. Unasoma, unajua.

Mbona Marekani ina misimbo mingi kwa kitu kimoja?

Wana mfumo wao wa kupanga programu za masomo, CIP, uliotoka mara ya kwanza 1980. Toleo linalotumika ni la 2020. Ualimu wa elimu ya viungo na ukocha ni 13.1314, chini ya elimu. Sayansi ya mazoezi na kinesiolojia ni 31.0505, ndani ya mfululizo wa 31 unaojumuisha bustani za umma, burudani, mapumziko na siha. Fiziolojia ya mazoezi kama tawi la biolojia ni 26.0908. Anayehudumia majeraha ya wachezaji ni 51.0913, chini ya afya.

Mgawanyiko huu una historia. Mwaka 1963 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Harvard, alipendekeza masomo ya uzamili ya elimu ya viungo yafutwe, akiona hayana uzito wa kitaaluma. Mwaka uliofuata Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijibu kwa kueleza elimu ya viungo kama taaluma inayojitegemea, yenye maarifa yake hata kama hakuna mwanafunzi anayekwenda kuwa mwalimu. Idara nyingi zilifuata njia hiyo. Zikajitenga na ualimu, zikabadilisha majina, na "kinesiolojia" likawa jina linalopendwa. Ndiyo maana chuo kimoja kinaweza kuwa na wahitimu wa fani hii kwenye vitivo vitatu, kila kimoja na msimbo wake, nao hawakutani hata kwenye mahafali.

Nitajuaje ngazi ya shahada, kama miaka inatofautiana?

Miaka peke yake hudanganya. L-22 ya Italia ni miaka mitatu, krediti 180 za Ulaya. Shahada ya sayansi ya shughuli za mwili na michezo ya Hispania ni miaka minne, krediti 240. Zote mbili ni ngazi ya 6. Mhispania hana uzamili kwa sababu ya mwaka wa ziada, na Mwitalia hana stashahada kwa sababu ya mwaka pungufu.

Mtego mkubwa uko India. B.P.Ed. (Bachelor of Physical Education, ya elimu ya viungo) ina neno la shahada ya kwanza kwenye jina lake, lakini chini ya kanuni za 2014 za baraza la taifa la elimu ya ualimu ni programu ya miaka miwili ambayo huingii bila kuwa na shahada nyingine. Kwa hiyo mhitimu wa B.P.Ed. amekaa chuoni miaka mitano au zaidi, na ukitazama cheti kile kimoja unaweza kudhani ana miwili tu. ISCED ina tarakimu ya tatu kwa ajili ya jambo hili: shahada ya kwanza ya kawaida ya miaka mitatu au minne inaishia na 5, kwa mfano 665, na ile inayosomwa juu ya shahada nyingine katika ngazi hiyohiyo inaishia na 7. Mwenye B.P.Ed. akileta faili, mwombe pia cheti kilichotangulia.

Krediti za nchi moja zinageuzwaje kuwa za nyingine?

Mwaka mmoja wa masomo kamili Ulaya ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na anayoifanya peke yake. Uingereza inahesabu 120 kwa mwaka, kwa hiyo gawa kwa mbili: 360 inakuwa 180. Marekani shahada ya miaka minne kwa kawaida ni krediti 120 za muhula, sawa na 240 za Ulaya. Brazil inahesabu saa: azimio la Desemba 2018 linataka saa 3,200 kwa shahada ya elimu ya viungo.

Tahadhari moja kwa fani hii. Saa za uwanjani hazihesabiwi sawa kila mahali. Chuo kimoja kinazipa saa za kuogelea uzito sawa na saa za mhadhara. Kingine kinazihesabu nusu, na kingine kinazidai zitimizwe bila kuzipa krediti hata moja. Niliwahi kupokea transkripti mbili za watu waliosema, na naamini walisema kweli, kwamba waliruka, wakaogelea na kupiga sarakasi kwa kiwango kilekile. Moja ilionyesha krediti 60 za vitendo, nyingine 14. Ukikutana na hali hiyo, omba muhtasari wa kozi wenye saa halisi.

Nikipewa 0114, naruhusiwa kufundisha nchi yoyote?

La. Msimbo unaeleza ulisoma nini. Ruhusa ya kufundisha hutolewa na nchi, na kila moja ina lango lake.

Ufaransa kuna CAPEPS, mtihani wa ushindani wa taifa kwa walimu wa elimu ya viungo. Ujerumani mwalimu husoma masomo mawili, mathalani michezo na Kiingereza, kisha hupitia kipindi cha mafunzo kazini, Referendariat. Aliyesoma michezo peke yake kwingineko hufika pale akaambiwa ana nusu ya ualimu. Hispania, mwenye shahada ya michezo anahitaji uzamili wa ualimu ili afundishe sekondari. Japani leseni ya sekondari ni ya afya na elimu ya viungo kwa pamoja, kwa hiyo mwalimu yuleyule anayefundisha kuruka vihunzi anafundisha pia usafi na uzuiaji wa magonjwa. Asiyesoma upande wa afya anakuwa na pengo.

Brazil ni somo zuri zaidi. Wanafunzi huingia pamoja, husoma nusu ya kwanza, yaani saa 1,600, pamoja, kisha hugawanyika: "licenciatura" kwa wanaokwenda shule, "bacharelado" kwa wanaokwenda gimu, vilabu na huduma za afya. Tangu sheria namba 9,696 ya 1998 taaluma hiyo ina mabaraza yanayoisajili. Na tangu 1997 baraza la taifa la afya linaitambua miongoni mwa taaluma za afya. Jina la fani ni moja, elimu ya viungo, huku haki ni mbili. Usipoangalia kama ni licenciatura au bacharelado, umeangalia nusu ya cheti.

Leseni ya ukocha ya shirikisho la michezo ni shahada?

Hapana, hata ile ya juu kabisa. Leseni ya UEFA Pro inaheshimika, ina masomo magumu, na anayeipata anaweza kuongoza timu kubwa. Lakini imetolewa na shirikisho, haina ngazi ya chuo kikuu. Inaorodheshwa kama sifa ya kitaaluma, kando. Vyuo vingine huingiza leseni ndani ya shahada ya ukocha. Hapo unahesabu shahada, na leseni inakwenda kwenye maelezo.

Chuo kilichonifundisha kimebadilika jina, au hakipo. Nifanye nini?

Hili ni la kawaida mno katika fani hii. Italia ilikuwa na taasisi zilizoitwa ISEF hadi amri ya serikali ya 1998 ilipozigeuza kuwa masomo ya chuo kikuu. Uturuki shule za juu za elimu ya viungo na michezo, BESYO, nyingi zimekuwa vitivo vya sayansi za michezo. Misimbo nayo hubadilika: Uingereza iliacha mfumo wa JACS, ambamo sayansi ya michezo ilikuwa C600, ikahamia HECoS kuanzia mwaka wa masomo 2019/20. Cheti hupangwa kwa mfumo uliokuwepo kilipotolewa, kisha ndipo hutafutwa kinacholingana nacho leo. Usimruhusu mtu akushushe ngazi kwa sababu tu jina la chuo chako halimo kwenye orodha ya sasa.

Kuna mgawanyo unaofaa kuliko misimbo hii?

Kwa kazi ya kila siku, upo. Mtandao wa vyuo vya Ulaya ulioanza mwaka 2003 kwa jina la AEHESIS ulizipanga programu kwa kuangalia kazi ambayo mhitimu anakwenda kuifanya, ukatoka na makundi manne: elimu ya viungo, ukocha, afya na siha, na uongozi wa michezo. Uturuki, kwa njia yake, ina idara zinazokaribiana sana na hayo: ualimu, ukocha, uongozi na burudani.

Mimi hutumia makundi haya manne kama chujio la kwanza, kisha ndipo natafuta namba. Nikishajua mtu alifunzwa kwa kazi ipi, msimbo hujitokeza wenyewe mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba mtafiti, yule wa maabara asiyekwenda shuleni, uwanjani, gimu wala ofisini, hana kundi.

Nchi nyingine ikikataa kuitambua shahada yangu, nina kinga gani?

Mikataba ipo. Wa Lisbon wa 1997 kwa eneo la Ulaya, wa Addis Ababa wa 2014 kwa Afrika, ulioanza kutumika 2019, na wa kimataifa wa UNESCO uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Uzi unaoiunganisha ni kwamba shahada hutambuliwa isipokuwa kuna tofauti kubwa ya msingi, na mzigo wa kuionyesha tofauti hiyo uko kwa anayekataa. Angalia kwanza kama nchi zote mbili zimeridhia mkataba husika. Na kumbuka kutambuliwa kwa masomo hakukupi leseni ya kazi. Hayo ni maombi mawili, mara nyingi ofisi mbili.

Nimepewa msimbo nisioukubali. Nianzie wapi?

Omba kwa maandishi jinsi krediti zako zilivyohesabiwa. Kisha kaa na transkripti yako, chukua kalamu za rangi nne, na upake kila kozi: ualimu, michezo, sayansi za mwili, uongozi. Jumlisha kila rangi. Ikiwa rangi moja imepita nusu na msimbo ni wa rangi nyingine, una hoja. Ambatisha jumla hiyo, muhtasari wa kozi zinazobishaniwa, na barua ya chuo inayoeleza saa za vitendo. Ikiwa hakuna rangi iliyofika nusu, uliza kama msimbo wa mseto ulifikiriwa.

Usiandike ukurasa mzima kueleza kwamba michezo ni taaluma yenye heshima. Anayesoma ombi lako huenda anakubaliana nawe kabisa, lakini kwenye fomu yake kuna kisanduku cha asilimia tu.